Ngazi Kumi na Nne

Asubuhi ya mtihani Mama Chiriku aliamka na nia ya kutosema neno baya hata moja, na kufika saa mbili alikuwa ameshasema matatu. La kwanza liliiendea pasi iliyogoma kupata moto. La pili lilimwendea mumewe, fundi rangi, aliyemaliza maji yote ya ndoo bila kufikiri kwamba nyuma yake kuna watu. La tatu lilimwendea mama mkwe, ila hilo alilisema kimoyomoyo, maana Bibi masikio yake yalikuwa bado mazima.

Mtoto mwenyewe alikaa kwenye kiti cha cherehani, miguu ikining'inia, anaongea. Walianza kumwita Chiriku tangu alipojua kutamka, na hakuna aliyeona sababu ya kumtafutia jina jingine. Alikuwa na miaka tisa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mwembamba kuliko wa kulia, tangu homa iliyompata akiwa bado wa kubebwa. Katika dakika kumi alikuwa ameuliza kama shuleni mtu anaruhusiwa kwenda chooni bila kunyoosha mkono, kama mwalimu akikosea nani anamwadhibu, na kama mgeni wa leo naye atalala kwao.

"Halali kwetu," mama yake alisema. "Anakuja kukutazama tu, halafu anaenda zake. Uwe na adabu, kama unavyokuwa kwa wageni wote."

"Ana fomu?"

"Anayo."

"Na kalamu ya kubonyeza?"

"Chiriku, leta mguu nikufunge kiatu."

Mambo yalikuwa hivi. Darasa la kwanza la shule ya pale jirani lilikuwa ghorofani, juu ya ngazi kumi na nne. Mwaka juzi mtoto mmoja alianguka hapo akavunjika mkono, na wakubwa wakaamua kwamba kila mtoto mwenye shida ya miguu apande na kushuka peke yake mbele ya mkaguzi, bila kushikwa, ndipo apokelewe. Wazazi waliuliza kwa nini darasa lisihamishiwe chini. Wakajibiwa kwamba chini kuna ofisi. Na darasa la kwanza halimpokei mtoto aliyevuka miaka tisa, kwa hiyo kwa Chiriku ilikuwa leo au basi. Akishindwa, ilibaki shule ya bweni ya watoto wenye ulemavu, safari ya kutwa nzima kwa basi, ambako wazazi wanaruhusiwa kuja mara moja kwa muhula.

Mama Chiriku ndiye aliyekuwa akiwashonea watoto wa shule ile sare. Kwa miaka sita alikuwa amepima mabega ya watoto wa watu, akajua nani ananenepa na nani anavaa ya kaka yake iliyokatwa. Kitambaa cha mwanawe alikuwa ameshakikata. Kukiunganisha ndiko alikokuwa hajathubutu.

Mlango wa chumba kikubwa ulifunguka, akatoka mgeni wa nyumba, mwanamke, nywele zina mvi, shati limenyooka, uso wa mtu ambaye hakulala. Huyu waliyemwita Taratibu alikuwa amekuja kutoka mbali kwa likizo yake ya wiki sita, kujitolea katika kituo cha mazoezi cha watoto. Kituo hakikuwa na mtaalamu wa kudumu. Kiliishi kwa wageni kama yeye, anaondoka huyu anaingia yule, na waliopangiwa Chiriku walilala kwa fundi rangi, katika chumba cha wenye nyumba, wenye nyumba wakijibanza sebuleni pamoja na cherehani. Posho ya mgeni ilisaidia kulipa kodi. Jina lake lilitokana na neno la kwanza alilolijua vizuri. Alilitumia kwa kila kitu, kwa mazoezi, kwa chai ya moto, hata kwa baba wa nyumba alipopiga chafya.

Kwao alifanya kazi katika hospitali kubwa. Kutwa aliwanyoosha watu magoti, na wengi wao waliondoka bila kujua anaitwa nani. Hapa alikuta mtoto aliyemkimbilia kila asubuhi kwa mwendo wake wa kuchechemea na kumwambia yote aliyoyaota. Siku ya kwanza mtoto yule alipanda ngazi nne akaanguka. Wiki ya pili akapanda tisa. Sasa alikuwa anapanda kumi na nne na kushuka. Taratibu alimpigia dada yake simu, akamwambia kwamba kwa miaka ishirini na mbili ya kazi hajawahi kuona jambo kama hilo, na alisema kweli.

Bibi aliletewa mjukuu wake amwombee dua. Alimshika kichwa, akanong'ona yake, kisha akasema kwa sauti, "Umpokee mgeni vizuri, mjukuu wangu. Usituaibishe."

"Siwaaibishi," Chiriku alisema.

*

Mkaguzi alikuwa mwanamke mnene, mpole, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Aliwaomba wakubwa wakae nyuma ya nguzo na wasiseme kitu. Akamsalimia mtoto, akamuuliza amekula nini asubuhi, akasikiliza jibu refu kuliko alilolitaka. Halafu akafungua fomu na kubonyeza kalamu.

"Haya mwanangu, panda tukuone."

Chiriku alimtazama usoni, akaitazama fomu, akaanza. Ngazi ya kwanza aliipanda vizuri. Ya pili alishika ukuta. Ya tatu alivuta mguu. Kwenye ya nne aliyumba kushoto, akakaa kwa uangalifu asijichafue gauni, akapakata mikono na kuinua uso wenye tabasamu zuri kabisa.

"Nimechoka," alisema. "Lakini nitaweza kidogo kidogo, ukinifundisha."

Mkaguzi akaandika.

Nyuma ya nguzo wote wakasema kwa pamoja. Taratibu, ambaye nyumba ile haijawahi kumsikia akipaza sauti, alipaza sauti. Panda zote, alisema, wewe unaweza, panda. Mama alimwita mwanawe kwa jina lake la cheti, lile linalotumika kukiwa na hatari. Baba alipiga hatua mbili mbele, mkaguzi akamrudisha kwa mkono.

Kwa haki tusimsingizie yule mkaguzi. Alisema sheria inaruhusu jaribio la pili, akampa. Lakini Chiriku alikuwa amesimama pale ngazi ya nne, anawatazama watu wake watatu wenye macho makali, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumkaripia kwa kumtendea mgeni adabu. Akaanza kulia, akapanda huku analia, haraka, bila kuangalia, kama mtu anayekimbia. Ngazi ya sita mguu wa kushoto ulimkatikia kweli. Aliangukia kidevu.

Mama yake alishafika kabla kalamu haijafika kwenye karatasi. Alimwinua, akambana kifuani, damu ya kidevu ikaingia kwenye blauzi aliyoipigia pasi kwa matusi.

"Pole sana," mkaguzi alisema, na alimaanisha. "Lakini mmeona wenyewe."

*

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na kiti kimoja cha wageni. Mama Chiriku alimpisha Taratibu, Taratibu akampisha Mama Chiriku, mwisho hakukaa mtu. Fundi rangi alishika kofia yake kwa mikono miwili. Kuta za ofisi ile alizipaka yeye mwaka jana, na jicho lake halikuweza kujizuia kuona pale kwenye kona palipoanza kubanduka.

Taratibu aliongea. Kiswahili chake kilikuwa cha miezi michache, alichoanza kujifunza kabla ya safari, na hasira ilikipunguza zaidi, lakini alieleweka. Mtoto anaweza. Juzi alipanda. Jana alipanda. Leo aliogopa. Apewe siku nyingine.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alivuta faili alilotumiwa na kituo, akalifungua mezani na kuligeuza ili walione wote.

"Mimi naamini unachosema," alisema. "Lakini soma na hizi. Mgeni wa kwanza: ngazi nne, anayumba kushoto. Amefanya naye kazi, amefika kumi. Vizuri. Mgeni wa pili: ngazi nne, anayumba kushoto. Akafika kumi na mbili. Wa tatu: ngazi nne. Akafika kumi na nane, ngazi zote za kituo. Wa nne, nne. Wa tano, nne. Wa sita, nne. Wa saba ni wewe mama, saini yako hii hapa. Ngazi nne, anayumba kushoto." Akafunga faili polepole. "Mkifanya naye kazi, anapanda. Mkiondoka, anarudi palepale. Wewe unaondoka lini?"

"Jumamosi."

"Na muhula unaanza baada ya wiki mbili. Jumatatu ya kwanza nitakuwa na mtoto wa ngazi ngapi pale juu?"

Taratibu alilichukua faili akalifungua tena, akasoma akiwa amesimama, ukurasa baada ya ukurasa. Hakuwa amewahi kulisoma. Siku ya kwanza msimamizi wa kituo alimwambia kwamba wao huwa wanampa kila mgeni karatasi mpya, ili kila mtu aje na macho yake mwenyewe asifuate makosa ya mwenzake, na neno hilo lilimpendeza. Sasa aliona maandishi ya watu sita asiowajua, wenye herufi kubwa na wenye herufi ndogo, na chini ya kila karatasi sehemu ya maoni. Mmoja aliandika kwamba huu ni muujiza. Mmoja aliandika kwamba kwa miaka yote ya kazi hajawahi kuona jambo kama hilo.

Ngazi kumi na nane zilipandwa mwaka jana, mwezi wa pili.

*

Nyumbani Mama Chiriku hakubadili nguo. Alikaa kwenye cherehani na kuendelea na sare za watu, maana zilitakiwa Ijumaa, na pia kwa kuwa cherehani inampa mtu mahali pa kutazama. Taratibu alivuta kigoda akakaa mbele yake. Baba Chiriku alisimama mlangoni. Kutoka chumbani ilisikika sauti ya Bibi akimbembeleza mtoto.

"Naomba kuuliza," Taratibu alisema. "Siku ile nilipokuja mimi. Yeye alikuwa anaweza?"

Cherehani ilikwenda hadi mwisho wa mshono, ikasimama.

"Alikuwa anaweza."

"Zote?"

"Za kupanda na za kushuka."

Kisha akaeleza, na hakujificha hata kidogo. Mgeni wa kwanza, mzee mmoja wa kofia, alimkuta mtoto hapandi zaidi ya ngazi nne kweli, na alimsaidia kweli. Wa pili alikuwa binti mdogo, mzuri, aliyejaa bidii. Siku yake ya kwanza Chiriku alimkimbilia akamwonyesha kila kitu, akapanda, akashuka, akapanda tena. Binti alikuwa amekuja na daftari la mazoezi ya wiki sita, na siku ya pili lilikuwa halina kazi. Akaanza kukaa kwenye benchi la kituo amekunja mikono. Akaacha kula. Mama Chiriku alimsikia chumbani analia, anamwambia mtu kwenye simu maneno ambayo hayahitaji kutafsiriwa. Msimamizi wa kituo akaja hadi hapa nyumbani, akauliza mgeni amefanyiwa nini katika nyumba hii mpaka hana raha, na kama labda angefurahi zaidi akihamishiwa kwingine.

"Mtu ametoka huko alikotoka," Mama Chiriku alisema, "kapanda ndege, kaacha kwao, kaja kumsaidia mwanangu. Halafu mwanangu anamwambia sina haja na wewe. Nikaona vibaya. Nikamwambia, Chiriku, usimmalizie mgeni kazi yake. Anza nyuma kidogo, umwachie pa kuanzia. Kesho yake akaanza ngazi nne. Yule binti akadhani mguu umelegea, akaandika nne hizo, akaamka, akaanza kula, akacheka. Siku ya kuondoka akamkumbatia mtoto akalia kwa furaha, na mtoto naye akafurahi. Nilimwambia mara moja tu. Walivyofuata wengine, hakungoja kuambiwa."

"Na leo?"

"Leo nilimwambia anakuja mgeni, awe na adabu." Aliangalia mikono yake. "Nimejiuliza njia nzima kwa nini sikusema neno jingine."

Hapo Taratibu angeweza kukasirika, na angekuwa na haki. Mtoto amepoteza shule. Alijaribu hata kuitafuta hasira hiyo, lakini ilimjia kitu kingine ambacho alikuwa amekikalia kwa wiki tano, naye akakisema kwa sababu hakuwa na pa kukiweka.

"Mimi nilijua," alisema.

Mama Chiriku akainua uso.

"Siku ya kwanza nilishika mguu wake. Hapa, nyuma. Nyama yake ngumu, ya mtu anayepanda. Mtoto wa ngazi nne hana nyama hiyo. Na wiki moja tu, hawezi kutoka nne mpaka tisa. Kwetu ningesema hapana, kuna jambo, tuulize. Hapa sikuuliza."

"Ulijua ukanyamaza?"

"Nilikuwa na furaha," Taratibu alisema.

Baba Chiriku alitoka mlangoni akaja akachuchumaa karibu na mguu wa cherehani, akaanza kukwangua tone la rangi lililokauka kwenye kidole gumba. Mtu huyu alikuwa bingwa wa utani. Wageni alikuwa akiwaita msimu, akiwauliza majirani msimu huu mmepata nini, sisi tumepata wa mvi. Sasa alisema kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote.

"Kila mgeni anaondoka na mtoto aliyepona. Sisi ndio tunabaki naye."

Chiriku akatokea chumbani na plasta kidevuni, anajifuta pua kwa kiganja. Alikuwa ameshapumzika na kilio na sauti imemrudi. Aliwapita wote akaenda moja kwa moja kwa mama yake.

"Yule mgeni wa shule kesho anakuja saa ngapi?" aliuliza. "Kesho nitafanya tano."

Ilibidi baba yake amwambie kwamba haji tena. Chiriku alifikiri kidogo.

"Mbona hata hajaniaga?"

*

Kesho yake, Alhamisi, Taratibu aliandika barua asubuhi nzima. Aliandika kwa lugha yake, kisha akaigeuza kwa msaada wa kamusi, kurasa tatu, kwa mkaguzi na kwa yeyote aliye juu ya mkaguzi. Alieleza kuhusu karatasi mpya kila wiki sita, kuhusu wageni wasiosoma kazi ya wenzao, kuhusu mtoto anayejishusha ili mtu mzima asijione bure, kuhusu mkono wake uliojua. Mchana aliipeleka kituoni, kwa kuwa barua ya namna hiyo haiendi bila mhuri wa kituo.

Msimamizi aliisoma yote, akaisifu. Alisema mtoto huyu anamuuma na yeye pia. Halafu akaomba, kwa upole mwingi, kama lile fungu la kituo linaweza kutoka. Sio kwamba ni uongo. Ila ikisomwa na wasiojua, watafunga mlango, na kuna watoto kumi na wanane wengine. Hawa wana kosa gani? Taratibu aliwaona dirishani, mmoja ananing'inia kwenye vyuma, mmoja anapigwa makofi na mgeni kijana aliyefika wiki ile.

Akakata fungu lile. Lilipotoka, lile la karatasi mpya likawa halina maana, nalo likatoka. Ilibaki nusu ukurasa iliyosema kwamba mtoto huyu ana bidii na anastahili kufikiriwa. Msimamizi alipiga mhuri. Taratibu alitoka pale akijua amebeba karatasi isiyo na uzito, na akaenda nayo mpaka shuleni hivyohivyo, akaiacha kwa mwalimu mkuu, naye akaisoma pale pale akasema ahsante.

Kuna jambo moja alilolifikiria njiani na hakulisema kwa mtu. Angeweza kubaki. Angeweza kuisogeza tikiti, akaomba likizo bila malipo, akaenda ofisi kwa ofisi hadi wamchoke. Alihesabu sababu zake zote za kuondoka, na zilikuwa za kweli, na hazikumsaidia.

*

Kituo kilikuwa na desturi yake. Ijumaa ya mwisho ya kila mgeni, watoto wanatolewa uani, wenye nyumba wanaitwa, na mtoto aliyefanya naye kazi anaonyesha alipofikia. Mama Chiriku alitaka wasiende. Mumewe alisema mgeni ni mgeni. Bibi alisema tu kwamba mtoto asinyimwe kuaga.

Ngazi za kituo zilikuwa za saruji, nyuma ya jengo, zinakwenda stoo. Kumi na nane. Chiriku aliachia mkono wa mama yake akazisogelea bila kuambiwa. Alipanda akiongea, anahesabu kwa sauti na kuchanganya hesabu na habari za paka wa jirani. Hakushika ukuta. Mguu wa kushoto ulikuja nyuma ya wa kulia kwa mwendo wake wa upandeupande, thabiti, hata kwenye ile ngazi ya kumi na moja iliyomeguka. Alifika juu akageuka.

Kila mgeni hapa alipiga makofi. Wengine walipiga kelele, mmoja alipiga magoti. Chiriku alisimama pale juu mikono imenyooka kidogo kando, anamtazama Taratibu, anangoja.

Taratibu aliinua mikono. Viganja vilikutana mara moja, bila sauti ya maana, vikabaki hivyo vimeshikana. Machozi yalimtoka, lakini machozi Chiriku alishayaona kwa wageni na alijua ni ya kuagana. Alichokosa ni makofi. Alingoja kidogo zaidi. Kisha akashuka ngazi zote kumi na nane, akaja akamshika mkono mgeni wake na kumwuliza kwa sauti ya chini, ili watu wasisikie, kama amekosea mahali.

"Hapana," Taratibu alisema. "Wewe hapana."

Asubuhi yake alibebewa begi hadi barabarani na fundi rangi. Mama Chiriku alimfungia mkate wa njiani kwenye karatasi, wakashikana mikono muda mrefu, wakaambiana kila mmoja amsamehe mwenzake, na kila mmoja akasema nimeshasamehe. Kitandani aliacha shuka zimekunjwa vizuri sana, pembe kwa pembe, kama za hospitali.

*

Jumatatu alikuja mwingine. Kijana mrefu, begi mgongoni, ameunguzwa na jua puani, anacheka na kila mtu kwa kukosa maneno. Fundi rangi alikuwa amesema basi, chumba ni chetu, tulale kitandani kwetu na sisi. Lakini nauli ya bweni ilikuwa inatafutwa, na mgeni alishapangwa, na kumwacha mtu barabarani na begi lake ni kitu ambacho nyumba ile haikukijua. Bibi alimwandalia chai.

Mama Chiriku alikuwa kwenye cherehani. Shule ya bweni ilikuwa imeleta orodha: magauni manne, shuka mbili, taulo, kila kitu kishonwe namba ya mtoto kwa uzi unaoonekana. Namba ya Chiriku ilikuwa arobaini na moja. Kitambaa cha sare ya shule ya jirani alikuwa ameshamshonea mtoto mwingine, mwenye mabega yanayokaribiana.

Alimwita mwanawe, akamsogeza karibu na goti lake, akamsemesha kwa sauti ndogo ili mgeni asisikie, ingawa mgeni asingeelewa.

"Chiriku, nisikilize. Kesho ukienda kituoni, mwonyeshe yote. Siku ya kwanza hiihii. Zote kumi na nane, kupanda na kushuka. Usimfiche kitu. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Mgeni yeyote, popote. Hata huko uendako. Mwonyeshe yote."

Chiriku aligeuka akamtazama yule kijana. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, magoti juu, kikombe kwa mikono miwili, anatabasamu kwa ukuta. Alimtazama kwa muda, kwa huruma kidogo, kisha akamrudia mama yake.

"Halafu yeye afanye nini?" aliuliza.

Mama yake alikata uzi kwa meno, akachukua gauni la pili.